Kichwa cha Boriti Ndani ya Dohani

Watu wa Chake Chake walikuwa wakiniita Bi Masizi. Jina langu ni Mwatima binti Ngwali, mzaliwa wa Shumba Viamboni, na kwa miaka kumi na moja nilifagia dohani za nyumba za Wahindi. Wengi walionicheka hawakuwahi kuwa na dohani. Sie wengine tulipikia mafiga matatu bandani, moshi ukatoka popote penye upenyo wa makuti. Lakini nyumba za mawe za mtaa wa maduka zilikuwa na jiko ndani, chini, na juu ya jiko wanalala watu. Basi moshi ulijengewa njia yake ya mawe, ikapanda na ukuta mpaka ikatoka juu ya paa. Njia hiyo ndiyo dohani. Ikiziba, nyumba nzima hukohoa.

Mwanzo kazi hii haikuwa yangu. Ilikuwa ya mume wangu, Fundi Msellem, mwashi. Alijenga dohani tano katika mtaa ule, na kila aliyejengewa alimwita yeye kuja kuifagia. Taabu ni kuwa jiko la Kihindi ni la wanawake. Mwanamume akitaka kuingia, wenyewe hutoka wote, vyakula hufunikwa na kuhamishwa, na kazi ya saa moja hula siku nzima. Mwaka mmoja Msellem alivimba goti, akanituma mie kwa Bi Sakarbai, mke wa Bwana Jivraj muuza nguo. Niliingia, nikafagia, nikatoka, na wenye jiko hawakuhamisha hata chungu kimoja.

Siku ya pili Bi Sakarbai alimwambia mume wangu kutoka nyuma ya pazia, "Fundi, kuanzia leo mlete mkeo. Wewe kaa na mawe yako."

Msellem alicheka mbele ya watu. Nyumbani hakucheka. Lakini ujira aliupokea yeye, na goti lake likawa halina haraka ya kupona.

Kazi yenyewe niliijua kwa kuifanya. Kabla ya kukwea paani nasimama uani na kuita, "Hodi juu," mara tatu. Mtu aliye juu ya paa anaona nyua za majirani wote, na wanawake wamekaa humo vichwa wazi, wanafua, wanasukana. Hata mie mwanamke niliita, kwa sababu kutoka chini hawaoni kama ni mwanamke aliyekwea au mwanamume. Nilivaa suruali ya marinda chini na kaniki juu, nikajifunga ushungi mpaka puani. Nikifika juu nateremsha kamba ya usumba. Mwisho wa kamba pana furushi la makumbi ya nazi yaliyofungwa kwa nguvu, na katikati ya makumbi pana jiwe la kulivuta chini. Aliye chini anapokea na kulivuta, aliye juu anavuta kulirudisha, na masizi yanaanguka kama mvua nyeusi. Halafu naweka kipande cha kioo mekoni na kukitazama. Dohani iliyo safi huonyesha mbingu kiooni, kipande cha mraba, kingo zake zimenyooka pande zote nne. Ukingo ukiwa na kidonda, ndani mna kitu.

Nilifagia mara mbili kwa mwaka, kabla ya Ramadhani na baada ya mavuno ya karafuu. Niliwakataza wenye nyumba kuwasha makonyo ya karafuu jikoni, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikichambuliwa, kwa sababu yana mafuta na moshi wake huganda dohanini kama lami. Walionisikia waliona faida. Wasionisikia nilikwangua dohani zao mpaka kucha zikang'oka.

Barazani kwa muuza kahawa walikuwapo wazee wasiochoka na mie.

"Bi Masizi, leo umepaka wanja uso mzima," alikuwa akisema mmoja wao, Mzee Nyange.

"Nimekubakishia wa ndevu, Mzee Nyange. Zimeanza kuwa nyeupe."

Wenziwe walicheka, na mie nikapita na kapu langu. Sikuona haya. Msikitini na sokoni mume wangu alikuwa fundi, na mie katika nyumba tano nilikuwa mtu anayengojwa.

Nyumba niliyoipenda zaidi ni ya Bwana Saifuddin, muuza misumari na vyombo vya chuma. Mkewe, Bi Khatoon, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nzito kama ya mwanamume, na hakumtuma mtumishi kupokea kamba. Aliipokea mwenyewe, amejifunga gunia kiunoni.

"Bi Mwatima," aliniitia kutoka chini, sauti ikipanda dohanini, "hili ni furushi au umeniteremshia ng'ombe?"

"Ng'ombe angalikuwa amekwama, Bi Khatoon. Vuta."

"Navuta. Ukianguka huko juu, usiniangukie mie."

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Kulsum, wa miaka saba. Watangulizi wake watatu walikuwa wamekufa wachanga. Mie sikujaaliwa hata mmoja. Hilo tulizungumza mara moja, tumekaa kwenye ngazi ya jiko na masizi yametujaa, halafu hatukulirudia. Kulsum alipenda kukaa juu ya kizingiti akihesabu kwa Kihindi kila furushi linaposhuka, na kila safari akinidai nimpake pua.

Mwaka wa kumi na moja wa kazi yangu Ramadhani ilikaribia baada ya mvua nyingi. Nilifagia nyumba ya Bwana Saifuddin, tukamaliza, nikaweka kioo mekoni. Mbingu iliyoonekana kiooni ilikuwa na pembe iliyomeguka. Nilidhani ni fundo la masizi. Nikaingia mwenyewe katika meko, nikasimama wima, nikapitisha mkono dohanini mpaka begani. Vidole vyangu viligusa kitu kisicho jiwe. Nilikikwangua kwa kucha, nikatoa mkono, nikanusa. Ulikuwa mkaa.

Nilijua mara ile ile ni nini. Chumba cha Kulsum kilikuwa juu ya jiko, na sakafu yake imebebwa na boriti za mkoko. Boriti inahitaji ukuta wa kuegemea, na kila mwashi hutafuta ukuta mnene. Mnene kuliko wote katika nyumba zile ni ukuta wa dohani. Msellem aliingiza kichwa cha boriti humo, akakiziba kwa chokaa, akaenda zake. Miaka ikapita, joto likalegeza chokaa, chokaa ikaanguka, na sasa mti ule ulikuwa uchi ndani ya njia ya moto, umeanza kuungua kichwani.

Bi Khatoon aliniona nikinusa vidole. "Kuna nini?"

"Chokaa imebanduka kidogo," nilisema. "Nitakuja kesho kuiziba."

Hilo lilikuwa neno langu la kwanza baya.

Jioni nilimwambia Msellem. Alikuwa akila, akaendelea kula.

"Boriti ngapi?" aliuliza.

"Moja nimeigusa. Na nyumba nne zilizobaki umezijenga vile vile?"

Alinawa mkono, akasema, "Ukisema, itabidi nivunje sakafu tano. Nani atanipa kazi tena hapa mjini? Tutakula masizi yako?"

"Watu wanalala juu yake, Fundi."

"Wamelala juu yake miaka kumi na tano. Chukua chokaa, uizibe. Mti ukizibwa haupati pumzi, na moto usiopata pumzi hufa."

"Chokaa haishiki mti. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nimekufundisha pia kumsikiliza mumeo," alisema. "Mwatima, mie na wewe tumekaa miaka ishirini bila mtoto. Mwanamume mwingine angekwisha kukurudisha Shumba zamani. Sikukurudisha. Nifanyie hili."

Wanawake waliozaa hawajui uzito wa maneno yale. Mie nilikuwa nikiyangoja kila mwaka, na kila mwaka nilishukuru hayakuja. Yalipokuja, niliinama kama mtu aliyepigwa.

Asubuhi nilichanganya chokaa na mchanga, nikaingia katika meko ya Bi Khatoon, nikakipaka kile kichwa cha boriti kwa mkono wangu. Nilipaka mara tatu. Nilipaka nikijua. Nilipoweka kioo, mbingu ilikuwa mraba mzima, na Bi Khatoon alinipa tende za kufuturia.

Siku ishirini na tisa za mwezi ule sikulala vizuri. Kila nikipita mtaa wa maduka nilinyanyua pua. Mara mbili niliingia kwa Bi Khatoon kwa kisingizio cha kuazima ungo, nikashika ukuta wa jiko. Ulikuwa vuguvugu, kama ukuta wowote wenye jiko nyuma yake. Nikaanza kujiambia kuwa pengine Msellem anajua kuliko mie.

Siku iliyotangulia Idi, moto wa jiko lile uliwashwa alfajiri na haukushuka. Palikuwa na mikate, palikuwa na vitu vitamu vya kugawia majirani. Kulsum alikuwa na homa, wakamlaza chumbani kwake juu na kufunga mlango ili makelele ya jikoni yasimsumbue. Adhuhuri Bi Khatoon alipanda kumpa maji, akamkuta amelala, akashuka. Alasiri alipanda tena. Alipofungua mlango, moshi ulimpiga usoni. Moto haukuonekana. Boriti ilikuwa imeungua ndani kwa ndani, kutoka dohanini mpaka chini ya kitanda, kama utambi unaofuka bila mwako, na moshi wote ukapanda kwenye nyufa za sakafu kuingia katika chumba kilichofungwa. Mwako ulikuja baadaye, mlango ulipofunguliwa. Wanaume waliuzima kwa maji ya kisima. Mtoto hakuungua hata unywele. Alikuwa amekwisha kufa kabla.

Nilifika wakati wanamteremsha. Puani mwake mlikuwa na masizi.

Siku ya tatu ya msiba, wanaume walikaa dukani kwa Bwana Saifuddin kuulizana. Mie niliitwa, nikasimama nje ya mlango, mbele ya mapipa ya misumari. Sikuulizwa lolote. Aliulizwa Msellem.

"Dohani nimejenga mie, na dohani ni nzima, nendeni mkaitazame," alisema. Boriti ile ilikuwa imekuwa majivu, na shimo lake alikuwa amelijaza mawe mwenyewe, siku ya mazishi, watu wakidhani anasaidia. "Lakini anayefagia ni huyu. Masizi yakiachwa hushika moto, na moto wa masizi hupita kwenye ufa. Mie goti langu halinipandishi juu. Sikuweza kumkagua."

"Kwa hiyo hakufagia vizuri," alisema Mzee Nyange.

"Mie ni mumewe, Mzee wangu. Usinilazimishe kulisema."

Alilisema vizuri namna ile, kwa kutolisema. Wote waligeuka kunitazama. Bwana Saifuddin tu ndiye aliyetazama chini. Nilikuwa na maneno, na maneno yenyewe yalikuwa mafupi, lakini ya kwanza yake yalikuwa "niliiona," na hayo hayakunitoka. Asubuhi Msellem alikuwa ameniambia, "Nyamaza, nami sitakuacha."

Aliniacha baada ya siku arubaini. Alisema watu hawawezi kumpa kazi mwashi ambaye mkewe ameua mtoto kwa uvivu. Alimleta Pandu, kaka yake, kuwa shahidi wa talaka, na Pandu aliniambia nichukue kapu langu na kamba niiache, kwa kuwa kamba ni ya fundi. Kabla ya mwezi kwisha alioa msichana wa Kisiwa Panza. Akazaa naye.

Kwa hiyo watu wanaposema nina ulimi mchungu, nawaambia waje waulambe waone uchungu wake umetoka wapi.

Nilihamia kwa ndugu yangu Shumba. Nilidhani nitasahau, lakini nyumba nne zilikuwa bado zimesimama, na chini yake meko yanawaka kila siku, na juu yake wanalala watoto. Nilirudi Chake Chake kwa miguu, nikaenda uani kwa Bi Sakarbai. Aliponiona alisita.

"Bi Mwatima, bwana wangu amesema usiingie."

"Sitaki kazi," nilisema. "Nipe tindo na nyundo, na wewe simama hapo unitazame. Nikivunja bure, niitie watu wanipige."

Akaenda mwenyewe kuleta nyundo. Niliingia katika meko, nikapitisha mkono, nikapapasa ukuta mpaka nikapata mahali penye mlio tofauti, nikagonga. Chokaa ilianguka kwa mapande. Nilimwita Bi Sakarbai aingize mkono wake. Aliingiza, akautoa, akatazama vidole vyake vyeusi.

"Huu ni mti," alisema.

"Ni boriti ya chumba chenu cha juu. Fundi Msellem aliiweka. Kwa Bi Khatoon ilikuwa hivi hivi."

Alikaa juu ya kigoda. Alikuwa na wajukuu wawili waliolala chumba kile.

Nilidhani siku ile kuwa nimeshinda. Nilikosea. Bwana Jivraj alikuja, akaona, akafunga mlango wa jiko. Hakumwita Mzee Nyange wala Bwana Saifuddin. Alimwita Msellem kwa siri, akamtaka aikate boriti ile, aitegemeze kwa nguzo, na aziendee nyumba nyingine tatu vile vile, kimya kimya. Nyumba ikisemwa kuwa ina moto ukutani, haipati mpangaji wala mnunuzi. Nyumba nne zikapona. Msellem akaonekana fundi anayejali, anayekagua kazi zake bila kuitwa. Bi Sakarbai nilipomwomba amwambie Bi Khatoon yale aliyoyashika kwa mkono wake, alisema, "Bwana amesema tusizidishe maneno. Mtoto amekwisha kufa."

Mtoto alikuwa amekwisha kufa, lakini mamaye alikuwa hai, na kila siku aliamka akijua kuwa Mwatima, aliyemlisha tende, alimuulia mwanawe kwa uvivu. Mengine yote ningaliweza kuyabeba. Hilo sikuweza. Nilitaka ajue.

Nilimwendea asubuhi, mumewe yuko dukani. Hakunifukuza. Alikuwa amekonda mpaka bangili zimehamia kwenye kiwiko. Jiko lilikuwa baridi, anapikia uani juu ya mafiga, kama sie.

Nilimweleza tangu mwanzo. Nilimweleza boriti, nyumba nyingine nne, na mawe ambayo Msellem aliyajaza siku ya mazishi. Alinisikiliza bila kukatiza. Nilipomaliza nilimngoja alie, au anishike mkono. Hakufanya hata moja.

"Siku ile uliponiambia chokaa imebanduka," alisema, "ulikuwa umekwisha kuiona boriti?"

"Nilikuwa nimeiona."

"Na kesho yake ukaja ukaifunika."

"Nilikuja nikaifunika. Msellem ndiye—"

"Nimekuuliza wewe. Mkono uliofunika ni wa nani?"

"Wangu."

"Na ulijua chokaa haitashika."

"Nilijua."

Kuku walikuwa wakiparua majivu miguuni mwetu.

"Ungaliniambia neno moja," alisema, "ningalimhamisha kitanda."

Miezi yote ile nilifikiri juu ya sakafu tano za kuvunjwa, na talaka, na jina la mume. Sikufikiri kuwa kitanda kina miguu na kinasogea.

"Nenda dukani," alisema Bi Khatoon. "Yaseme haya haya mbele ya bwana wangu na wenziwe. Yote. Usiache la kwako wala la kwake."

Nikaenda. Nilisimama pale pale mbele ya mapipa ya misumari, nikayasema, na kwa mara ya kwanza neno "niliiona" likatoka. Walimwita Msellem. Alikuja amevaa kanzu safi, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mwanamke aliyeachwa," alisema. "Mniwie radhi. Lakini mmemsikia mwenyewe akikiri kuwa aliona hatari akaificha."

Bwana Jivraj alikuwapo. Alitazama viatu vyake. Mzee Nyange alisema, "Kumbe hata hatukumsingizia." Walichukua nusu ya maneno yangu, ile ya mkono wangu, na nusu ya pili wakaiacha sakafuni wakaikanyaga walipotoka. Hapo nilikuwa nimekwisha kutoa ushahidi dhidi ya nafsi yangu, na hapakuwa na wa kunisemea.

Mwaka uliofuata Bwana Saifuddin alitaka dohani ijengwe upya, akamwagiza Msellem. Msellem alifika uani na mawe na chokaa na wapagazi wa kubeba. Bi Khatoon, ambaye hakuwahi kujitokeza mbele ya mwanamume asiye wake, alifungua mlango wa jiko, akasimama kizingitini uso wazi, akamwambia atoe mawe yake. Mumewe alimsihi, akamkaripia. Hakutoka kizingitini mpaka wapagazi walipoyapakia tena. Kazi alipewa mwashi kutoka Wete, na boriti zake ziliegemea ukuta mwingine.

Haya nilihadithiwa na Bakar mwashi aliyefanya kazi hiyo. Mie Bi Khatoon hajaniita, wala kuniletea salamu, na siku tuliyokutana sokoni alivuta ushungi wake akapita. Dohani yake mpya anaifagia mwanamke mwingine, na naambiwa hakagui kwa kioo.